Milioni ngapi, na nani amezihesabu? Jinsi ya kusoma takwimu za mashine za gemu

Kibanda changu cha gemu kiko Bondeni, Nakuru: televisheni tatu na PlayStation nne, moja kati yake mgonjwa wa kudumu. Mechi moja shilingi 20. Anayefungwa anasimama na kumpisha mwenzake, na akishasimama hana kazi nyingine ila kubishana. Zamani ubishi ulikuwa wa timu za mpira, Gor na Ingwe. Siku hizi vijana wanatoa simu na kusomeana namba: PlayStation imeuza milioni hivi, Nintendo milioni vile, Xbox imekufa, haijafa. Kila mmoja ana namba yake, na ajabu ni kwamba mara nyingi namba zote ni za kweli. Zimehesabu vitu tofauti tu.

Nimezoea kuwaamua kwa daftari. Haya ndiyo ninayoyafanya, kwa mpangilio ninaoufuata.

Hatua ya 1: Uliza zimehesabiwa kwenye mlango gani

Mjomba wangu anauza daftari za shule kwa jumla hapa mjini. Kila Desemba anapakia pikapu kwenda Njoro, Molo na Elburgon. Katoni 40 zikishateremshwa kwenye duka la Molo, yeye kwenye kitabu chake ameandika kwamba ameuza 40. Mwenye duka bado hajauza hata moja. Atauza Januari shule zikifunguliwa, na zitakazobaki, panya watasoma. Hakuna aliyesema uongo hapo. Mjomba ameuza; mzazi hajanunua.

Mashine za gemu hupita njia hiyo hiyo. Zinatoka kiwandani, huo ni mlango wa kwanza. Zinafika kwa muuza jumla au dukani, mlango wa pili. Mteja analipa kaunta na kubeba boksi, mlango wa tatu. Kampuni yenyewe kwa kawaida hupata hela yake kwenye mlango wa pili, ndiyo maana ripoti zake za fedha huhesabu hapo. Kibandani kwetu tunasema "zilizoshushwa" kwa zile za mlango wa pili na "zilizolipiwa" kwa zile za mlango wa tatu. Nitatumia maneno hayo hadi mwisho.

Matangazo mengi huja kwa Kiingereza, kwa hiyo tafuta kitenzi kabla ya kutafuta namba. "Shipped" na "sold in" ni zilizoshushwa. "Sold through" ni zilizolipiwa. Herufi chache tu kati ya "in" na "through", na humo mna mashine laki kadhaa. Likiandikwa "sold" peke yake, usishangilie bado: nenda kwenye tanbihi ya ripoti, yale maandishi madogo chini kabisa ambayo hakuna anayeyasoma.

Mfano safi kuliko yote ninaoujua ni wa Xbox One, mashine ya Microsoft. Ilitoka tarehe 22 Novemba 2013. Mapema Januari 2014 Microsoft ilitangaza kwamba wateja walikuwa wamenunua zaidi ya milioni 3 kufikia mwisho wa 2013. Wiki chache baadaye ikaja ripoti ya robo mwaka iliyoishia 31 Desemba, ikasema milioni 3.9. Kampuni ile ile, mashine ile ile, siku ile ile, namba mbili. Karibu laki tisa katikati zilikuwa kwenye rafu, bohari na malori. Si jambo la aibu hilo, maana duka lenye rafu tupu haliuzi. Lakini kijana akikusomea 3.9 na mwingine akikusomea 3, usiwaache wapigane.

Mlango wa kwanza nao uliwahi kutumika. Hadi Machi 2007 Sony, wenye PlayStation, ilikuwa ikitangaza mashine zilizotoka kiwandani, ndipo ikahamia kwenye zilizouzwa kwa wafanyabiashara. Kwa hiyo ile milioni 102.49 ya PlayStation ya kwanza, inayonukuliwa kila mahali, ilihesabiwa kwenye geti la kiwanda. Ukiiweka kando ya namba za leo, kumbuka hilo.

Hatua ya 2: Usilinganishe namba za milango tofauti

Aprili 2014 Sony ilisema PlayStation 4 zilizolipiwa zimefika milioni 7 kufikia tarehe 6 ya mwezi huo. Siku hizo hizo Microsoft ikasema Xbox One zilizoshushwa madukani zimefika milioni 5. Watu wakaandika saba kwa tano kana kwamba ni matokeo ya uwanja wa Afraha. Hiyo si mechi. Timu moja imehesabiwa magoli, nyingine imehesabiwa mikwaju iliyolenga lango. Kwa kuwa baadhi ya zile milioni 5 zilikuwa bado rafuni, pengo la kweli mikononi mwa wateja lilikuwa kubwa kuliko milioni 2.

Kanuni ninayotumia ni hii: aliyetaja zilizolipiwa wakati mwenzake ametaja zilizoshushwa, kwa kawaida ndiye anayeongoza. Anayeongoza anaweza kuchagua namba ndogo na bado akashinda. Si sheria, ni mazoea yangu ya kusoma matangazo haya.

Hatua ya 3: Andika tarehe kando ya kila namba

Hapa ndipo hata wanaojua hesabu hukwama. Tuchukue PlayStation 5, iliyotoka Novemba 2020. Kufikia 30 Septemba 2023, zilizoshushwa zilikuwa milioni 46.6. Halafu Desemba ile Sony ikatangaza kwamba zilizolipiwa zimepita milioni 50 tarehe 9 Desemba. Kijana mmoja hapa kibandani alicheka sana: wameuzaje 50 na wamepeleka 46.6, nyingine zimeota?

Hazikuota. Kati ya Septemba na 9 Desemba kuna wiki kumi, tena wiki za kujaza maduka kwa ajili ya Krismasi. Robo hiyo ya Oktoba hadi Desemba Sony ilishusha milioni 8.2, na ripoti ya 31 Desemba ikafika milioni 54.7. Sasa usiruke upande wa pili ukatoa 50 kwenye 54.7 na kusema milioni 4.7 zimekwama rafuni. Kati ya tarehe 9 na 31 kuna Krismasi nzima, na watu walikuwa wakinunua siku zote hizo.

Ukitaka kutoa, tafuta tarehe zinazokaribiana. Mwaka huo huo kulikuwa na jozi nzuri: zilizoshushwa kufikia 30 Juni ni milioni 41.7, na zilizolipiwa zikapita milioni 40 tarehe 16 Julai. Tofauti ni milioni 1.7 hivi, ongeza zile zilizoshushwa katika siku hizo 16. Kwa mashine inayouzwa dunia nzima, hicho ni kiasi cha kawaida cha bidhaa iliyo njiani na rafuni.

Ukijumlisha mwenyewe, 46.6 na 8.2 utapata 54.8, si 54.7. Usimtafute mwizi. Kila namba imekatwa hadi desimali moja, na makombo ya desimali hujilimbikiza. Nimeona ubishi wa nusu saa juu ya hiyo sifuri nukta moja.

Hatua ya 4: Fuata robo mwaka zinazokuja baada ya ile ya sherehe

Kila mwenye duka anamjua yule kijana wa mauzo anayekuja tarehe 28 ya mwezi. Anakusihi uchukue kreti kumi zaidi, anakuongezea mbili za bure, hata mali kauli atakupa, ulipe ukiuza. Wewe huna wateja wa kreti kumi, ila yeye ana lengo la mwezi. Unachukua. Kwenye karatasi yake mwezi umekuwa mtamu. Mwezi ujao anarudi, anakuta stoo yako imejaa hadi mlangoni, na unamwambia apite tu.

Kwa hiyo zilizoshushwa haziwezi kuidanganya dunia kwa muda mrefu. Zinaweza kupendeza robo moja. Robo inayofuata, duka lililojaa halitaagiza, na ukweli utatoka wenyewe bila mtu kuuliza. Hata pale ambapo hakuna aliyemsukuma mwenzake, maduka yalinunua tu kwa matumaini, matokeo ni yale yale.

Wii U ya Nintendo ndiyo somo. Ilitoka Novemba 2012. Kufikia mwisho wa Desemba zilikuwa zimeshushwa milioni 3.06, namba ya kupigiwa vigelegele. Januari hadi Machi 2013: 390,000. Aprili hadi Juni: 160,000, dunia nzima, miezi mitatu. Zisome tena kwa mstari mmoja, milioni 3.06, laki tatu na tisini, laki moja na sitini, uone jinsi maduka yalivyosema hapana bila kufungua mdomo. Aliyesoma ile ya kwanza peke yake aliona sherehe. Aliyengoja miezi sita aliona matanga.

Nintendo ilikuwa imetabiri kuuza milioni 9 kati ya Aprili 2013 na Machi 2014. Januari 2014 ikashusha utabiri hadi milioni 2.8. Ilimaliza na milioni 2.72. Maisha yake yote Wii U iliishia milioni 13.56.

Sasa weka kando yake mrithi wake, Switch. Ilitoka 3 Machi 2017, na kufikia 31 Machi, siku 29 tu, zilikuwa zimeshushwa milioni 2.74. Mwezi mmoja wa Switch ulizidi ule mwaka mzima wa Wii U wa milioni 2.72. Lakini kilichonishawishi si mwezi huo wa kwanza, kwa sababu Wii U nayo ilianza vizuri. Ni kwamba mwaka wa fedha uliofuata zikashushwa milioni 15.05, uliofuata milioni 16.95, halafu milioni 21.03. Maduka hayarudii kuagiza kitu kisichotoka. Ndiyo maana mfululizo mrefu wa zilizoshushwa ni ushahidi mzuri kabisa wa mauzo, hata bila kuona risiti moja ya mteja, na anayedharau kila namba ya zilizoshushwa kana kwamba ni propaganda ameelewa nusu tu ya jambo.

Hatua ya 5: Tenga utabiri na hesabu

Utabiri si mauzo, ni nia. Sony ililenga PlayStation 5 milioni 25 kwa mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2023. Februari 2024 ikapunguza hadi 21, na mwaka ukafungwa kwa 20.8. Bado hadi leo kuna mtu huniletea ile 25 kama hesabu. Kwenye daftari langu utabiri huandikwa kwa penseli.

Hatua ya 6: Jua mwaka wao unaanza lini

Mwaka wa fedha wa Microsoft huanza Julai na kuisha Juni, kama wa serikali yetu, kwa hiyo Mkenya anayefuatilia bajeti hana shida nao. Sony na Nintendo huanza Aprili na kumaliza Machi. Tatizo ni majina. Sony ikisema mwaka wa 2023 ina maana ya Aprili 2023 hadi Machi 2024. Nintendo huita kipindi hicho hicho mwaka unaoishia Machi 2024. Kipindi kimoja, majina mawili. Ukiona "2023" bila miezi, rudi uangalie.

Hatua ya 7: Sikiliza pia wanaponyamaza

Mwishoni mwa 2015 Microsoft iliacha kutangaza idadi ya Xbox zilizouzwa. Badala yake ikaanza kuhesabu watu wanaocheza kila mwezi kwenye huduma yake. Hiyo ni namba halali, ila ni ya mlango mwingine kabisa, wa nne ukipenda, na haijibu swali la mashine ngapi. Mtu mmoja anaweza kuwa na mashine mbili, na mashine moja inaweza kuwa na watu ishirini. Kampuni ikibadilisha kipimo katikati ya safari, mimi hujiuliza kile cha zamani kilikuwa kimeanza kusema nini.

Wakati mwingine ukimya huvunjika pembeni. Mwaka 2022, katika ombi lake la kununua Activision Blizzard, kampuni ya kutengeneza gemu, Microsoft iliiambia mamlaka ya ushindani ya Brazil kwamba Sony iliuza zaidi ya maradufu ya Xbox katika kizazi cha PlayStation 4 na Xbox One. Hesabu ya mwisho ya Sony kwa PlayStation 4 ni milioni 117.2, ya Machi 2022. Gawa kwa mbili upate 58.6, kwa hiyo Xbox One ilikuwa chini ya hapo. Hata hivyo uliza nani alikuwa akizungumza, na kwa nani. Mbele ya mamlaka ya ushindani, kampuni inayotaka kununua nyingine ina faida ya kuonekana ndogo. Siku ya uzinduzi ingezungumza vingine.

Namba ya mwisho kutangazwa pia si lazima iwe mwisho wa biashara. Kwa miaka mingi PlayStation 2 iliandikwa milioni 155, kwa sababu hiyo ndiyo Sony ilitoa kwa tarehe 31 Machi 2012. Viwanda viliendelea miezi kadhaa baada ya hapo, na mwaka 2024 Sony yenyewe ikataja milioni 160. Wote waliokuwa wameapa kwa 155 walikuwa na namba sahihi iliyopitwa na wakati. Hili lina maana kwa wanaoilinganisha na Switch, iliyofika milioni 152.12 Machi 2025, maana mstari wa kumalizia ulisogezwa mbele mbio zikiwa zinaendelea.

Hatua ya 8: Wahesabu wa nje

Kuna wanaohesabu kwenye kaunta badala ya kusubiri kampuni. Japani, Famitsu hutoa namba za kila wiki. Marekani kuna Circana, iliyokuwa ikiitwa NPD. Hawa wanakusanya mauzo ya maduka na kukadiria yale wasiyoyaona, kwa hiyo ni makadirio ya zilizolipiwa, ya nchi moja. Kosa la kawaida ni kuchukua wiki ya Japani na kuitangaza kuwa dunia.

Mambo mawili madogo kuhusu wale wa Marekani. Mwezi wao ni wa wiki nne au tano kamili, si wa kalenda, kwa hiyo kulinganisha mwezi wa wiki tano na wa wiki nne ni kumlinganisha aliyefanya kazi siku 35 na aliyefanya 28. Na wakisema mashine fulani imeongoza, soma kama ni kwa idadi au kwa dola. Ya bei nafuu inaweza kuongoza kwa idadi huku ya bei ghali ikiongoza kwa dola, mwezi huo huo, na wapenzi wa pande zote mbili wakalala wameshinda.

Kuna pia tovuti zinazotoa makadirio ya kila nchi bila kueleza yametoka wapi. Hizo mimi huziacha, hata zikiwa zimechorwa grafu nzuri.

Hatua ya 9: Jinsi ya kuandika kwenye daftari

Chora safu tano: mashine, namba, mlango, tarehe, nani amesema. Jaza mfano huu uone: Xbox One, milioni 3.9, zilizoshushwa, 31 Desemba 2013, Microsoft. Chini yake: Xbox One, zaidi ya milioni 3, zilizolipiwa, mwisho wa 2013, Microsoft. Kisha PlayStation 4, milioni 7, zilizolipiwa, 6 Aprili 2014, Sony. Namba yoyote isiyoweza kujaza safu ya mlango na ya tarehe haipati ruhusa ya kulinganishwa. Hapa kibandani anayeleta namba ya namna hiyo anarudi mwisho wa foleni, na nakuambia wamejifunza haraka.

Angalia pia jina limebeba nini. Switch ni pamoja na Switch Lite na ile ya skrini ya OLED. PlayStation 4 ni pamoja na Pro. Aliyeuza ya kwanza akanunua Pro amehesabiwa mara mbili, na ni haki, amelipia mbili.

Na za kwetu ziko wapi?

Swali hili aliniuliza binamu yangu mwenye kibanda Kondele, Kisumu. Ana PlayStation 4 mbili alizonunua ex-UK, na alitaka kujua kama yeye ni sehemu ya zile milioni 117.2.

Mashine zake zimo, ila yeye hayumo. Zilishushwa kwenye duka la Uingereza, Mwingereza akazilipia, zikahesabiwa huko siku hiyo na basi. Alipochoka nazo, zikaingia kontena, zikateremka Mombasa, zikapanda lori hadi Kisumu. Mauzo ya mtumba hayamo kwenye hesabu ya kampuni hata kidogo, kwa hiyo binamu alipotoa pesa zake hakuna namba iliyosogea popote duniani. Vivyo hivyo vijana arobaini wanaocheza kwake Jumamosi. Kwa hesabu za mashine wao ni sifuri, na wengi wakifungua akaunti huandika nchi isiyo yao, kwa hiyo hata kwenye hesabu ya wachezaji wako ugenini.

Nilipomweleza alizitazama zile mbili, akachomeka plagi, ile ya pini tatu ambayo hapa haihitaji adapta, akamwambia aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, "Leta ishirini."